Nilivyoshukuriwa Jikoni Msuka

Nakumbuka asubuhi moja pale Mkoani, mwanangu, nimeinama kwenye cherehani namalizia gauni la mtu, mume wangu Hamad akaingia na ufunguo wa gari mkononi. Akasema, "Mize, funga mkoba. Nataka nikutembeze Pemba hii mpaka ushibe."

Nilidhani anatania. Hamad alikuwa dereva wa lori, anachukua mizigo ya watu bandarini na kuipeleka kaskazini, na dereva akipata siku ya mapumziko hulala. Tangu tuoane hatukuwa tumekwenda popote pamoja ila harusini na matangani. Lakini safari hii tajiri wake alikuwa amemwazima gari yake ndogo, na pale nje ilikuwa imeoshwa inang'aa, hata mazulia ya ndani yamekung'utwa. Nilicheka kama mtoto. Nilikuwa sijafika thelathini, na mwanamke wa umri ule akiambiwa na mumewe twende tukatembee, haulizi kwa nini. Wapo watakaokwambia kuwa kosa langu lilianzia hapo. Hapana. Mke kumwamini mumewe si kosa. Kosa langu lilikuja baadaye, na nikifika nitakuonyesha.

Kwanza nikwambie jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Mimi na Hamad hatukujaaliwa mtoto. Miaka ilikuwa imepita ya kutosha kwa majirani kuacha kuuliza, na jirani akiacha kuuliza, mwanangu, ujue ameanza kusema. Nilikunywa dawa za hospitali na za miti shamba, nikasomewa, nikaomba. Hamad hakuwahi kunitupia neno. Nami kwa vile hakusema, nikajua hana la kusema. Nilikuwa bado sijajua kuwa kimya cha mtu kina vyumba vingi.

Basi tukaondoka. Mwanangu, siku hizi nawaona vijana mkipita na magari ya kukodi, vioo mmeshusha, mnapiga picha kila kona, na wengine wenu ni maharusi wa juzi tu. Msidhani sisi hatukuyajua hayo. Simu zetu zilikuwa za vitufe na hazikupiga picha ya maana, lakini macho tulikuwa nayo. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kila tulipopita zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, na harufu yake inakuingia mpaka kooni. Vilima vinapanda na kushuka, mabonde ya mpunga yanafunguka ghafla, kisha bahari inachungulia kati ya minazi na kupotea tena. Hamad alikuwa akiendesha polepole, yeye ambaye lori lake hulikimbiza kama anafukuzwa. Kila penye pahala pazuri anasimama. "Shuka uone," ananiambia. Nashuka, natazama, nashukuru Mungu. Nikirudi namkuta ameshika usukani kwa mikono miwili na gari imezimwa.

Chake Chake tulikula mkate wa ufuta na supu ya pweza, kisha akaniingiza dukani akanunua kanga doti mbili. Moja akanipa palepale. Ya pili, nzuri zaidi kuliko yangu, akasema ni ya wenyeji wake wa Msuka, ambao humkirimu akipeleka mizigo upande ule. Nikamwambia vizuri, mgeni haendi mikono mitupu. Tena nikaikunja mimi mwenyewe, nikaitia kwenye mfuko safi isishike vumbi. Naikumbuka mikono yangu ikiikunja. Mpaka leo nikiikumbuka, uso unanipata moto.

Usiku huo tulilala Wete, kwenye nyumba ya wageni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala kitanda cha kulipia. Kabla ya Magharibi tulikaa kibarazani tukitazama bandari kule chini, na Hamad akaniita, "Mize."

"Labeka."

Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Basi ndo nililotaka kukuuliza."

Simu yake ikalia. Akainuka akaenda kuzungumza uwani, na mimi nikabaki nikijisifu moyoni kwamba nina mume anayejali tumbo langu.

Kulipokucha tukashika njia ya Konde, tukaingia msitu wa Ngezi. Barabara inapita katikati ya miti mikubwa, jua linaingia kwa matone, na popo wananing'inia juu kama matunda meusi. Tukatokea Vumawimbi. Mwanangu, kama hujafika, nenda. Mchanga mweupe unaenea mpaka jicho linachoka, na siku ile hapakuwa na mtu ila mimi na yeye. Nilivua viatu nikapandisha buibui mpaka magotini, nikaingia majini nikimrushia maji, nikicheka. Sijui kama nimecheka tena vile maishani mwangu. Yeye alisimama pale mchangani na viatu vyake, akanitazama, kisha akageuka akawa anafuta uso kwa kiganja. Nikamwuliza, "Chumvi imekuingia?" Akasema, "Ndiyo, chumvi."

Kutoka huko tukarudi Konde, tukaenda Tumbe dikoni, wavuvi wanakoshushia, kununua samaki wa kupeleka kwa wenyeji. Kelele, ndoo, watu wa baiskeli wanafunga matenga yao, harufu ya dagaa wanaochemshwa. Hamad akachagua kolekole mkubwa, hakulalamikia bei. Muuzaji akampima kwa macho akasema, "Samaki huyu si wa watu wawili, bwana. Huyu wa shughuli huyu." Mimi nikacheka. Hamad hakucheka. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na mimi tangu Mkoani nilikuwa nikiusifu mkakasi.

Msuka tukafika jua halijakaa kichwani. Nyumba ilikuwa ya mawe na bati, ua umefagiwa, mkeka mpya umetandikwa ukumbini. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Bi Sharifa, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye uso mkunjufu. Alinipokea kwa mikono miwili akanishika muda mrefu kuliko mtu anavyomshika mgeni asiyemjua. Hamad akabaki barazani na wanaume wawili wa nyumba ile, na mimi nikampa Bi Sharifa mfuko wa kanga, nikapitishwa ndani. Nilimwona binti mmoja mlangoni mwa chumba, mwembamba, macho makubwa. Aliniamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, dada," kisha akajificha nyuma ya pazia. Nikadhani ana haya tu, kama wasichana wa shamba walivyo.

Mimi si mtu wa kukaa mkekani nikapikiwa. Nikamfuata Bi Sharifa jikoni, nikamwomba mbuzi nikune nazi. Akakataa, nikashika, tukavutana kidogo kwa kucheka, mwisho akaniachia. Nikakaa nikawa nakuna. Yeye alikuwa akimpara kolekole. Ghafla akaacha kisu. Nikainua kichwa, nikaona machozi yamemjaa.

Akasema, "Mwanangu, Mungu akulipe. Mimi sikulala usiku kwa kufikiri utakuja na uso gani. Nilimwambia Hamad, sitoi mwanangu kwa mume wa mtu mpaka mkewe aje mwenyewe aseme karidhia. Na wewe umekuja. Tena na kanga umemletea Riziki. Wanawake wenye moyo kama wako wamekwisha."

Mwanangu, nazi iliendelea kukuniwa. Mikono yangu ilikuwa inakwenda peke yake. Nililiona lile jiko lote kwa mara moja: mafiga, moshi, kawa ukutani, paka anavizia samaki. Nikaielewa gari iliyooshwa. Nikaielewa ile doti ya pili, na simu ya uwani, na muuzaji wa Tumbe. Na yule binti aliyeniita dada. Watu wa nyumba hii walijua, na pengine jirani zao walijua, na tajiri wa Hamad aliyetoa gari alijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikirusha maji Vumawimbi.

Uchungu ungekuwa afadhali. Kilichonishika kwanza kilikuwa aibu. Aibu ya kuwa mjinga mbele ya watu. Aibu ya tumbo langu, kwamba limezungumzwa humu ndani na watu nisiowajua. Aibu ya kuonekana mke asiyeambiwa kitu. Nikajiona nimevuliwa nguo mbele ya mama yule mwema, naye hajui kuwa amenivua.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Bi Sharifa akaniuliza, kwa upole kabisa, "Nambia kwa mdomo wako, mwanangu, nipate kutulia. Umeridhia?"

Ningeweza kusema, Bi Sharifa, mimi sijui unachosema. Ilikuwa ndiyo kweli, na ilikuwa pale ulimini. Lakini niliona nikisema hivyo nitajulikana kuwa nimedanganywa, na kujulikana kuliniogopesha kuliko kudanganywa kwenyewe. Nikatabasamu. Nikasema, "Nimeridhia, mama."

Akaja akanikumbatia na mikono yake ina magamba ya samaki. Akasema, "Allah akujaalie." Nikaitikia amin. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona siku ya pili.

Chakula kikaandaliwa. Wanaume barazani, sisi ukumbini. Sinia ya wali imejaa, kolekole kapikwa na nazi niliyoikuna mwenyewe. Nilikuwa nafinyanga tonge vidoleni, nalirudisha. Riziki alikaa mkabala nami, kichwa chini, naye hali. Sikumchukia, Mungu anajua. Nilimtazama nikaona mtoto wa watu aliyeambiwa kuwa mambo yote yako sawa.

Ndani ya chumba cha upande kulikuwa na mama yake Bi Sharifa, ajuza aitwaye Bi Time, ambaye miguu ilikuwa imemgomea na muda mwingi alikuwa kitandani. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia, "Sharifa, nletee huyo mke wa watu nimwone."

Nikaingia, nikamwinamia, nikamshika mkono nikambusu. Hakuniachia. Akawa anaupapasa mkono wangu kama mtu anayetafuta mwiba. Akasema, "Nimewasikia jikoni. Sharifa kalia kwa furaha. Wewe nimesikia umesema umeridhia, furaha sikuisikia." Kisha akauliza, "Umejua lini?"

Nikageuza uso nikalitazama pazia.

"Nakuuliza, mwanangu. Umejua lini?"

Nikamjibu, "Sasa hivi, bibi. Jikoni."

Basi pale machozi yakanitoka. Sikutoa sauti, nilikuwa nimeuma upindo wa kanga. Bi Time hakunibembeleza. Alipaza sauti, na kwa mwili ule mdogo sikutaraji sauti kubwa vile. "Sharifa! Njoo. Na huyo bwana mwite aje hapa mlangoni, asimame nimwone."

Hamad akaja akasimama kizingitini, kofia mkononi. Akaniona, akajua. Bi Sharifa nyuma yake anatazama huku na huku, hajaelewa bado.

Bi Time akamwambia, "Wewe kijana umekula kwangu mara ngapi? Na leo umenitia uongo chunguni. Kuoa mke wa pili Mungu hakukukataza. Uongo kakukataza. Mwanangu alikwambia mlete mkeo aseme mwenyewe, nawe umemleta kama mzigo wa lori, hajui anakokwenda. Mume anayeogopa kumwambia kweli mke mmoja, akiwa na wawili atasema kweli na nani?"

Hamad alifungua mdomo. "Bi Mkubwa, nilikuwa nataka kumwambia njiani…"

"Njia imekwisha," akasema Bi Time. "Hapa ndo Msuka. Mbele ni bahari."

Bi Sharifa ndipo alipofahamu. Aliketi chini palepale, akajifunika uso kwa kanga akawa anatikisa kichwa, "Ya Rabi, na mimi nimemshukuru. Nimemshukuru jikoni!" Yule mama hakuwa na hatia hata chembe, naye ndiye aliyejifunika. Hata Riziki nyuma ya pazia nilisikia akilia. Tazama, mwanangu, uongo wa mtu mmoja ulivyotugawia aibu nyumba nzima, kila mmoja fungu lake, na mwenye nao bado amesimama.

Bi Time akaamua. "Posa imekwisha. Kanga rudisheni. Samaki tushampika, atakuliwa, maana mgeni haondoki nyumbani kwangu na njaa." Kisha akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa laini. "Na wewe. Umesema umeridhia. Kwa nini?"

"Niliona aibu, bibi."

"Aibu ya nani?"

Akaniuliza tena, "Nambia. Aibu ya nani? Wewe umeficha nini? Umemdanganya nani? Mtu kafanya lake, aibu ikaanguka chini hapo mbele yenu nyote, na wewe ndiye uliyeinama ukaiokota, ukajitanda kama buibui lako. Na ulipojitanda, ukamdanganya mwanangu na mjukuu wangu. Ungekwenda zako Mkoani na tabasamu lako, mtoto huyu angeolewa juu ya uongo, na baadaye ungemchukia. Haya ni pambo la mwanamke, lakini haya si kumfichia mtu uovu wake. Haya ni kwa Mungu kwanza."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na baba yangu, nimewahi kutukanwa sokoni. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale ya mwanamke asiyeweza kusimama. Kwa sababu nilikuwa nimeshajihesabu kuwa mimi ndiye niliyeonewa, na kweli nimeonewa, lakini ndani ya kuonewa kwangu nilikuwa nimeshamwonea mwingine. Nikatoka nikamwendea Bi Sharifa pale chini, nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nilikudanganya. Sikuridhia, sikuwa hata najua." Akanivuta akaniweka kifuani. Tukakaa vile.

Kisha tukala. Ndiyo, tulikula, maana Bi Time alikataa katakata tusile. Tonge zilishuka kwa shida lakini zilishuka.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na ilikuwa nyingine. Konde watoto walitupungia mikono. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu kwenye jamvi alituona na gari yetu safi, akapaza sauti, "Maharusi, karibuni!" Nikamwinulia mkono. Ningefanya nini? Mfuko wa kanga ulikuwa kiti cha nyuma, unasogea kila tukikata kona.

Hamad akaanza kusema huku anatazama barabara. Nikamwambia, "Zima gari. Usiniambie ukiwa unaitazama njia. Nitazame mimi."

Akasimama kando, pahala pasipo uzuri wowote, karibu na kibanda kibovu na rundo la mawe ya kujengea. Akanitazama. Akasema, "Nataka mtoto, Mize. Nimeona haya kukwambia, nikaona nitakuvunja. Nilitaka nikwambie Chake, nikasema ngoja tufike Wete. Wete nikasema ngoja ulale kwanza. Vumawimbi nilikuwa nimeshajitayarisha, nikakuona unacheka, nikashindwa. Nikasema labda ukifika kwao, ukiona ni watu wema, neno litapatikana lenyewe."

Hapo nikafahamu kwa nini gari ilisimama kila penye pahala pazuri. Kila alipoona uzuri ndipo alipokusudia kunivunja, akakosa moyo, tukaendelea. Na mimi kila pahala nilishuka nikashukuru Mungu. Nilijionea aibu kwa zile shukrani zangu. Imenichukua miaka kufahamu kuwa shukrani ile haikuwa na kosa. Bahari ilikuwa nzuri kweli, na aliyeiumba hakunidanganya.

Nilimwambia, "Kutaka mtoto si dhambi, Hamad. Mimi nataka kuliko wewe. Lakini umenipitisha Pemba nzima kama kipofu, ukanitia kwenye jiko la watu nishukuriwe kwa jambo nisilolijua. Nipeleke kwa kaka yangu Kengeja." Akanipeleka. Hakubishana.

Nilikaa Kengeja muda. Watu wakaja na nasaha zao, wengine wakasema nidai talaka, wengine wakasema ndo wanaume. Kaka yangu, Mungu amrehemu, hakusema kitu, alinipa chumba na cherehani. Siku moja Hamad akaja, peke yake, bila mshenga wala mzee wa kumtanguliza. Akakaa chini. Akasema, "Sikuja kukuomba radhi kwa kutaka mke. Nimekuja kukuomba radhi kwa kuufanya ulimi wako useme uongo kwa ajili yangu." Nikajua maneno ya Bi Time yamemfika na yeye. Nikarudi kwangu Mkoani. Si kwamba nilikuwa nimepona. Nilirudi kwa sababu mtu aliyelitaja kosa lake kwa jina lake niliona naweza kukaa naye.

Riziki aliolewa Tumbe na kijana asiye na mke, na Bi Sharifa akaniletea salamu za harusi. Bi Time alipofariki nilikwenda matangani, nikakaa na wafiwa mpaka hitima ikasomwa.

Nawe utataka kujua mwisho wa mimi na Hamad. Hamad alioa. Ndiyo, alioa, baadaye, mwanamke wa Wete. Lakini safari hiyo alikuja kwangu jikoni, mchana kweupe, akavuta kibao akakaa mbele yangu, akaniambia yeye mwenyewe kabla hajamwambia mtu mwingine duniani. Nililia, mwanangu. Nililia siku nyingi, wala sitakudanganya kuwa ukewenza ni halua. Lakini nilipotoka kwenda kuchota maji nilitoka na uso wangu, na majirani waliponitazama niliwatazama. Niliumia, sikuaibika. Na watoto waliozaliwa wakaniita Mama Mkubwa, na wawili kati yao nimewalea mimi.

Basi sikiliza. Wewe unayeoa na wewe unayeolewa, na wewe ambaye bado unazungushwa njiani kwa maneno mazuri. Ukiwa na neno zito la kumwambia mwenzako, liseme mapema, liseme nyumbani, liseme mkiwa wawili. Usilifunge ndani ya zawadi wala usilipeleke matembezini. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho mara nyingi hutokea mbele ya wageni. Na ukiwa wewe ndiye uliyefichwa, ukajua katikati ya watu, usikimbilie kutabasamu. Jiulize lile aliloniuliza ajuza wa Msuka: aibu hii ya nani? Ikiwa ni yako, ibebe, tubu, uipunguze. Ikiwa si yako, iache hapo chini ilipoanguka. Usiiokote, na usimdanganye mtu mwingine kwa ajili ya kuifunika. Sema tu, "Mimi sikujua." Ni maneno mawili mepesi, nami yalinishinda.

Mungu akupe, mwanangu, mwenzi atakayekutazama usoni anapokwambia jambo. Akupe ulimi usioogopa, na moyo wa kusamehe pale anayekosa anapokiri. Akujaalie watoto, na kama si wa tumbo lako basi wa mikono yako. Na kila pahala pazuri utakaposimamishwa katika safari yako, iwe umesimamishwa kwa heri. Amin.